Mektilda Rogath Shirima, Aliyelinganisha Saa za Seva (1979–2024)

Dada yetu Mektilda, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika nyumba za reli Gerezani, mtoto wa tatu wa Mzee Rogath Shirima, fundi wa injini, na Mama Sophia.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Gerezani, kisha sekondari ya wasichana Moshi. Mwaka 2002 alipata stashahada ya kompyuta hapa Dar es Salaam. Nyumbani hatukuelewa vizuri alichosomea. Mama akiulizwa, alijibu, "Anatengeneza vitu ambavyo mimi sivioni."

Mwaka 2006 alifunga ndoa na Eliakimu Temba, muuza vipuri. Bwana harusi alichelewa kanisani, watu wakaanza kunong'ona. Bibi harusi alicheka, akamwambia msimamizi wake, "Seva zote nimezilinganisha saa, huyu mmoja amenishinda." Mungu aliwajalia watoto wawili, Angela na Rogath.

Wakati huo alikuwa ameshaajiriwa na kampuni iliyohudumia mitambo ya maofisi, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha seva zote za mteja, yaani kompyuta kuu zinazohudumia nyingine, zinakwenda kwa saa moja. Kila seva ina saa yake, na ikiachwa peke yake hupotea taratibu. Hivyo Mektilda aliteua moja iulize saa sahihi nje, kwenye mtandao, nyingine ziulize kwa hiyo.

Mwaka 2015 mgonjwa alifariki katika hospitali moja binafsi mjini, mteja wa kampuni hiyo. Kumbukumbu za kompyuta zilionyesha kwamba muuguzi, Husna, alimchoma dawa kabla daktari hajaiandika. Husna akasimamishwa kazi. Mektilda, aliyekuwa ameitwa kutoa kumbukumbu hizo, alimkuta kwenye benchi la korido, macho yamevimba.

"Dada, daktari aliandika kwanza. Wallahi nilisoma ndipo nikachoma," Husna alimwambia.

Mektilda alirudi kwenye mitambo. Akakuta seva ya wodini, tangu ihamishiwe chumba kingine, ilikuwa imeacha kuuliza saa. Ilikuwa nyuma ya seva ya madaktari kwa zaidi ya dakika ishirini. Alimpigia bosi wake.

"Ziweke sawa leo, yaishe," bosi alisema. "Hao wakijua, mkataba tumepoteza."

"Nikizigusa sasa, bosi, dada wa watu hana tena cha kumtetea."

"Mektilda, una watoto."

"Na yeye anao."

Hakuzigusa. Aliwaita viongozi wa hospitali, akamwomba daktari aandike dawa ya majaribio kwenye kompyuta yake. Daktari alipomaliza, Husna naye akaandika wodini kwamba ameitoa, wote wakitazama. Kumbukumbu zilipochapwa, Husna alikuwa ametangulia. Daktari ndiye aliyesema kwanza: "Basi tumemwonea huyu binti."

Husna alirudishwa kazini wiki hiyo. Mkataba wa kazi wa Mektilda, ulipokwisha, haukuendelezwa. Alikaa nyumbani miezi mingi, na Eliakimu anakumbuka siku alizomkuta amekaa jikoni bila kuwasha taa. Alimuuliza kama anajuta. Alijibu, "Naumia. Kujuta, hapana." Baadaye alifungua ofisi yake ghorofani Mchafukoge, akahudumia maduka ya Kariakoo yenye matawi mengi, na wenye maduka walimzoea kwa jina la Mama Seva.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa kwa subira, ingawa kuna siku alikasirika na kutufukuza wote chumbani. Aliyekuwa hafukuziki ni Husna. Kila alipotoka zamu alipita Gerezani kwa Mama Sophia, alikokuwa akiuguzwa, akamwogesha, akambadilishia shuka, wakabishana kuhusu chumvi kwenye uji. Mektilda alifariki nyumbani kwa mama yake Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, asubuhi, Eliakimu akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, mama na ndugu wanne. Rasimu ya wasifu huu iliposomwa nyumbani juzi, Mama Sophia alisimamisha usomaji. "Watoto wangu mmewahesabu vibaya," alisema. "Mwandikeni na Husna."

Ameacha pia dada yake, Husna.

Mungu wetu mwema, mpokee Mektilda, umpe pumziko lenye amani.