Ombi la Kubakisha Mashine ya Eksirei Meru

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa baraza la chuo chetu,

KARIBU
Sisi wanafunzi na wafanyakazi wa maabara ya fuwele, hapa juu ya Makutano, tunafurahi kukuona. Lori ulilokuja nalo tumeliona pia, na vijana wameshalitafutia kivuli. Mgeni ni mgeni.

TULIKOTOKA
Mashine yetu ya eksirei ilitufikia ikiwa imechokwa na chuo kingine. Kazi yake ni hii: ndani ya fuwele atomi zimepangwa safu kwa safu, na miale ikizigonga hurudi kwa pembe maalumu. Safu zikivutwa au zikibanwa, pembe husogea kidogo. Kusogea huko ndiko tunakopima.

TULICHOFANYA
Wakulima wa Kiambere, kule Mbeere, walilia kwamba sola zao za kupandisha maji zinapasuka, wakaambiwa wamenunua bandia. Kumbe kule, kwa kuogopa wezi, kila paneli hukazwa na kuchomelewa kwenye chuma mpaka haitikisiki. Tulichukua silikoni ya sola, ambayo ni fuwele moja, tukaikaza kwenye chuma vivyo hivyo na kuipasha joto la mchana wa Mbeere. Pembe ilihama hadi tukadhani tumekosea. Tukarudia, ikahama tena. Chuma kilikuwa kikitanuka na kuivuta. Tulifurahi kujua, lakini tuliwahurumia sana, maana walikuwa wakilinda mali yao tu.

CHANGAMOTO
Umeme ukipotea, mtambo wa kupoza mashine nao huzima. Tunasikia ndiyo sababu mashine inahamishiwa Nairobi. Hatubishani na wakubwa. Tunasikitika tu.

MAOMBI
Tunaomba mtambo urekebishwe na mashine ibaki. Mama Ednah Wambura ametoka Kiambere alfajiri na fremu mpya yenye raba, ili chuma kikitanuka kisiivute sola, aliyotengenezewa na fundi Nyamu, ili tuipime. Kikundi chake cha akina mama kinangoja majibu ndipo kifunge sola za kumwagilia ndengu. Tulipomweleza kuhusu lori, alituuliza, "Sasa hiyo mashine ikienda, sisi watu wa Mbeere tutapimiwa wapi, watoto wangu?"

 Ameketi nje kwenye benchi, fremu iko magotini. Tunakuomba, mgeni rasmi, ukitoka umjibu wewe.

Mungu akutangulie, akufikishe nyumbani salama.

Ni sisi,
Maabara ya Fuwele, Meru
Imesomwa na Gedion Kiunga kwa niaba ya wote