Salamu Moja kwa Watu Wote: Maisha ya Marehemu Hadubini

Wazee wetu, ndugu, majirani, na ninyi mliosimama kule nyuma ya turubai mkinong'ona: poleni kwa msiba, na asanteni kwa kuja. Wasifu huu umeandikwa kwa niaba ya familia, na unasomwa na mtoto wa kaka wa marehemu. Tunajua wengi mmekuja kuzika. Tunajua pia wapo waliokuja kusikiliza, ambao wameipokea karatasi hii na kukimbilia aya ya ugonjwa hata kabla hawajaketi. Hao tunawaomba subira. Mtu huyu aliishi miaka sitini na miwili, na karibu miaka yote hiyo hakuwa mgonjwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Machi 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa pili wa baba mwashi na mama aliyefua nguo za watu. Bibi yetu alikuwa akisema kwamba penye jambo zito, huyu ndiye aliyetumwa kwa majirani, kwa sababu ujumbe aliufikisha kama alivyopewa, bila kutia chumvi. Siku moja alitumwa akaombe sufuria irudishwe. Jirani akamuuliza, "Mama yako kasema kwa hasira au kwa wema?" Mtoto akajibu, "Kasema sufuria."

Alisoma shule ya msingi ya jirani kuanzia 1969 hadi 1975, kisha sekondari hadi 1979. Alikaa nyumbani miaka miwili akibeba matofali na baba yake, mpaka alipopata nafasi ya kusomea kazi ya maabara. Alihitimu stashahada yake Novemba 1984. Biolojia aliipenda kwa sababu, kwa maneno yake, ni somo ambalo kitu kidogo hakidharauliwi.

Tarehe 4 Februari 1985 aliajiriwa katika zahanati ya mtaa huu, na hapo alifanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2022. Meza yake ilikuwa chini ya dirisha, maana hadubini ya wakati ule ilitegemea mwanga wa jua. Mpita njia alimwona ameinama, jicho moja kwenye lenzi, na alipoinua kichwa kupumzisha shingo, jicho lake lilimkuta huyo mpita njia. Basi watu wakajishuku. Wakasema anaona ndani ya watu. Wakampa jina la Hadubini, na wengine wakaanza kuvuka barabara wanapomwona anakuja.

Mwaka 1991 lilitokea jambo lililobadilisha mwenendo wake. Alipita kwa fundi cherehani, ambapo binti mmoja alikuwa akipimwa gauni la harusi, na mama wa bwana harusi ameketi pembeni. Marehemu aliwasalimu, akamtazama binti, akaguna. Aliguna kwa sababu kiatu chake kipya kilikuwa kikimbana. Alipokwisha kupita, mama yule akamgeukia fundi.

"Umemsikia? Kaguna."

"Kaguna nini?"

"Kamtazama binti, kaguna! Na huyu si ndiye anayepima damu za watu?"

Kabla jua halijazama, wazee wawili wa upande wa bwana harusi walikuwa wamesimama mlangoni mwa maabara.

"Bwana, tuambie tu kama binti ni mzima."

"Siwezi."

"Kwa hiyo ni mgonjwa!"

"Sikusema hivyo."

"Basi sema ni mzima, twende zetu!"

"Nikisema leo huyu ni mzima, kesho nikinyamaza juu ya mwingine mtasema nini?"

Wazee waliondoka wamenuna na harusi ikaahirishwa. Marehemu alikwenda kwa kina binti kuomba radhi na kueleza habari ya kiatu. Kaka wa binti alimfukuza: "Kakiombe radhi hicho kiatu chako!" Harusi ilifungwa baadaye, lakini binti hakumwamkia tena, na marehemu hakumlaumu.

Tangu hapo alikuwa na salamu moja kwa watu wote. "Habari za hapa?" Sauti ileile, kichwa kikiinama kidogo, hatua haipungui wala haiongezeki. Mkubwa wa mtaa aliipata hiyo, mlevi aliipata hiyo. Hakumcheka mtu, hakumhurumia mtu njiani. Wengi walisema anajivuna. Shangazi yetu, dada yake wa tumbo moja, alimkaripia mbele ya watu: "Unanisalimu kama mlinzi wa benki!" Akamjibu, "Na wewe si unaishi mtaa huu, dada?" Tunayaeleza haya kwa sababu mtaa mzima ulimshuku mtu huyu kwa miaka thelathini, na chanzo cha shuku zenyewe ni kwamba alikataa kuwapa cha kushuku.

Marehemu naye alikuwa mwepesi wa kushuku. Hakuiamini miradi. Kila baada ya muda walikuja wageni wa kupambana na magonjwa ya zinaa kwa vijana. Walikuja na fulana, mabango na vipaza sauti, wakaendesha semina ukumbini, wakapiga picha, wakaondoka. Wiki iliyofuata kijana mwenye kisonono alikuwa palepale alipokuwa, akigawana vidonge na mwenzake, nusu wewe, nusu mimi, na ugonjwa ukabaki kwa wote wawili. Wasichana walikaa kimya na maumivu ya tumbo mpaka uzazi ukaharibika. Na sisi watu wazima tulikuwa tukifanya nini? Tulikuwa tukiuliza nani kamwambukiza nani.

Marehemu aliwaambia wageni hao jambo moja, mwaka hadi mwaka: "Wafundisheni wa hapa. Ninyi mtaondoka, ugonjwa unakaa." Aliposikilizwa hatimaye, mwaka 2009, walimpa dawa, vipimo na ruhusa. Chumba alikipata mwenyewe. Ilikuwa stoo ya zahanati, imejaa vitanda vilivyovunjika. Alitoa takataka, akapaka chokaa, akaweka meza, viti vitatu na pazia.

Kisha akatafuta watu, na hakuwatafuta kwa vyeti. Alikwenda kwa wale ambao vijana tayari walikuwa wakikaa kwao na kuongea: msusi, fundi simu, dereva wa pikipiki, mshona viatu, binti wa duka la dawa. Lakini kabla ya kumfundisha yeyote, alimpima. Kila mmoja alimnong'oneza siri moja ya uongo kuhusu yeye mwenyewe, kila mtu na ya kwake, kisha akakaa kusubiri ni ipi itakayorudi. Mmoja aliambiwa marehemu ana meno ya bandia. Mwingine aliambiwa alifukuzwa chuo kwa wizi wa kuku. Mshona viatu aliambiwa ana mke wa pili ng'ambo ya reli, na hiyo haikuchukua muda. Mama, yaani mjane wetu, aliisikia sokoni. Alirudi nyumbani, akaweka kikapu chini, akauliza, "Huyo mke mwenzangu, anajua kupika?" Marehemu akasema, "Mshona viatu ameshindwa mtihani." Ndiyo maana mshona viatu hakufika kwenye mafunzo, na leo tunaomba asichukie.

Waliobaki aliwafundisha miaka mitatu, jioni baada ya kazi. Aliwafundisha kupima kaswende na virusi vya UKIMWI, kueleza dawa na kwa nini imalizwe yote, kuonyesha kondomu bila kukwepesha macho, na kumshawishi mtu amlete mwenzi wake bila kumtisha. Kikubwa zaidi aliwafundisha uso na mdomo. Siku moja alijifanya kijana aliyekuja kwa msusi.

"Dada, nina rafiki yangu anawashwa."

Msusi akacheka. "Rafiki yako, au wewe?"

"Basi, nimeondoka," akasema marehemu, na kweli akainuka, akafunga mlango, akaenda zake nyumbani. Mafunzo ya jioni hiyo yakaishia hapo. Kesho yake akarudi na habari ya rafiki yuleyule. Safari hii msusi aliuliza, "Rafiki yako ameanza lini kuwashwa? Aje mwenyewe, au nikupe wewe maelezo umpelekee?" Marehemu akavuta kiti, akaketi.

Wazazi nao hawakukosa. Uliitishwa mkutano, na baba mmoja akasimama: "Unawafundisha watoto wetu uzinzi!" Marehemu alimjibu kwa upole, "Mzee wangu, hilo sijawahi kumfundisha mtu. Kwangu wanafika wamekwisha kuhitimu." Ukumbi ulicheka, na mzee yule hakucheka. Lakini baadaye mwanawe alionekana akiingia chumbani, au hakuonekana. Hatujui, na hatutajua.

Alipostaafu alimkabidhi msusi usimamizi wa chumba. Hakuna mgeni aliyewashika mkono. Kazi ikaendelea na watu wa hapa.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1989 na mpiga chapa wa ofisi ya posta, wakajaliwa watoto watatu. Mama alizoea kusema, "Mimi nimeolewa na mlango uliofungwa," kisha huongeza, "lakini ndani kuna joto." Nyumbani hakuwa yule wa barabarani. Aliimba akipiga pasi, vibaya sana, na aliwatania wajukuu mpaka walie kwa kicheko.

Sasa tumefika mlipokuwa mkipasubiri.

Marehemu alianza kuugua Aprili mwaka jana. Alikonda. Alilazwa mara tatu. Mtaa ukahesabu mifupa ya mashavu yake na kutoa majibu bila kipimo. "Mganga hajigangi," walisema. "Miaka yote anashika damu za watu, angeponaje?" Wengine walikuja kumjulia hali na macho yakizunguka chumbani kutafuta pakiti za dawa. Shangazi alilazimika kuzifunika kwa khanga.

Hayo tungeyavumilia. Lakini mwezi Juni mwaka huu dereva wa pikipiki alikuja kitandani na habari nyingine.

"Mzee, vijana wamepungua. Kuna siku chumba kinafunguliwa na kufungwa hivihivi."

"Wanasemaje?"

"Mmoja kaniambia wazi. Kasema, 'Nasubiri kwanza nione ya Hadubini. Wakiyatangaza ya kwake, ya kwangu yatabaki?'"

 Marehemu akaomba familia iitwe.

Kaka yake mkubwa alikuja na shauri lake tayari. Alitaka maneno ya hospitali yachapwe katika karatasi hii, kwa wino mzito, midomo ifungwe mara moja. Alisema jina la ukoo linachafuliwa. Wengi wetu tulikuwa upande wake, na aliyeandika wasifu huu alikuwa mkali kuliko wote.

"Usiandike," akasema marehemu.

"Kwa nini? Hospitali si imeandika?"

"Ukiandika ni ule, watanicheka mimi. Ukiandika si ule, watawacheka wenzangu."

"Wenzako gani?"

"Watakaokufa nao kesho. Familia zao zitasema nini hapo kaburini, kama sisi tumejitakasa?"

"Basi tuache wakuseme?"

"Waseme. Kaka, mimi nitakuwa chini, sitasikia. Kijana yuko juu, anasikia."

Kaka yake alitoka nje, akakaa barazani peke yake. Aliporudi alisema tu, "Haya." Yupo hapa leo, amekaa mbele, na kila jicho linalomtazama kutafuta jibu halitalipata.

Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2024, akiwa na mkewe na mwanawe wa kwanza.

Aliugua, akafa. Wasifu huu hausemi alikuwa na ugonjwa gani, na hausemi hakuwa na upi. Mjane hatasema. Watoto hawatasema. Ukimfuata shangazi jikoni na swali lako ukaliita pole, atakupa sahani uoshe. Na wewe kijana uliyesimama pale ukutani ukisubiri kuona watu wa Hadubini wataufanyia nini mdomo wao, umeona. Mtu ambaye jina lake lingeweza kutetewa kwa mstari mmoja, au kuzikwa kwa mstari huohuo, amelala hapa bila mstari. Amefanya hivyo kwa ajili yako. Usimfanye awe amefanya bure.

Chumba kinafunguliwa kesho saa mbili asubuhi kama kawaida. Msusi atakuwepo, na binti wa duka la dawa. Fundi simu na dereva watakuwepo jioni.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, kaka mmoja, dada mmoja, wapwa na watoto wa kaka yake, na wanafunzi wake wanne ambao familia inawahesabu kama wake.

Alale kwa amani, na yote aliyoyajua juu yetu yalale naye.