Mafundo ya Mlima

Bwana asifiwe, kanisa! Hapana, hiyo amina ni ya watu waliolala. Mimi ninayesimama hapa ningekuwa kaburini, naomba amina ya watu walio hai. Bwana asifiwe! Haya, sasa nimewasikia.

Mimi ni Biira. Wengi mnaniita Mama Samaki, kwa sababu nanunua samaki wa chumvi kule Katunguru na kuwauza soko la Bwera. Leo nitasema Kiswahili, si Lhukonzo, maana ndugu zetu waliotoka Beni na Butembo wako hapa, na sitaki mtu amgeukie jirani kumuuliza huyu mama amesema nini. Na ninyi vijana wa kwaya, msinionyeshe saa. Mzigo huu nimeubeba muda mrefu na leo nautua wote.

Mimi ni mtoto wa Nyakalengija, pale barabara inapoishia na mlima unapoanza. Babu alikuwa akibeba mizigo ya wageni wanaopanda Rwenzori, baba akabeba, kaka zangu wakabeba. Na katika ukoo wetu kuna alama. Nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, kwenye ule mshipa mnene, watu wa nyumba yetu wanaota mafundo. Ni magumu, hayaumi, ukiyabonyeza ni kama maharage yamefichwa chini ya ngozi. Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa akituita mmoja mmoja tukishakuwa watu wazima, anakushika kisigino, anakipapasa polepole. Akiyakuta anapiga vigelegele: "Huyu ni wa kwetu! Huu mguu ni wa mlima!"

Tuliyaita mafundo ya mlima. Tuliamini ndiyo nguvu yetu ya kupanda. Dada yangu mkubwa, Masika, hakuwa nayo, kisigino chake kilikuwa laini kabisa. Bibi alimtania kwamba aliokotwa soko la Kasese, na Masika, mwanamke mzima mwenye mchumba, alilia machozi. Mimi nilipoota yangu nilitembea nyumba nzima bila viatu ili aone vizuri. Mnacheka? Chekeni tu, nitawafikisha mahali mtaacha.

Baba alianguka akafa kwenye shamba la kahawa, mkono kifuani, hata mvi hajaanza kuota. Kwetu sisi jina linasema mtoto ni wa ngapi: mvulana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka. Baluku alifia mlimani. Wenzake walisema aliomba apumzike kidogo, akaegemea mzigo wake, ikawa basi. Bwambale akauogopa mlima, akahamia Hima kupakia mifuko ya saruji kwenye malori. Jioni moja alirudi nyumbani akasema kifua kinambana, mkewe akaenda kumletea maji. Aliporudi na kikombe, hakukuwa na wa kumpa. Wote walikuwa wanaume wembamba, wenye nguvu, na wote walikuwa na mafundo.

Ndugu zangu, tulisema kila kitu. Tulisema laana, tukasema wivu wa watu, tukasema mlima unadai watu wake. Tulifunga, tulikesha, tulilia. Na kwenye kila msiba niliona watu wanavyomtazama Masereka, wa tatu, halafu wanaangalia chini. Macho yale yalinichoma! Nikaapa mbele za Mungu kwamba huyu hawatamkalia matanga, labda wanizike mimi kwanza. Sikujua kwamba na mimi niko kwenye foleni.

Maana kulikuwa na kitu nilichokuwa nakificha. Nikipandisha na beseni la samaki kichwani, kifua kilikuwa kinabana, kama mtu amekikalia. Nikisimama kinaachia. Nikawa nakikemea kwa jina la Yesu, kinaachia, naendelea na safari. Nilisema nimeshinda, kumbe nilikuwa nimepumzika tu.

Sasa desturi yetu mnaijua. Kabla ya Meza ya Bwana, wanawake upande ule, wanaume upande huu, mabeseni na taulo, tunatawadhana miguu. Siku moja nilipangwa na Mama Kavira. Yule pale mwenye kitambaa cha kijani, usijifiche, mama! Alikuwa muuguzi kule Butembo mpaka vita vilipomtoa, na sasa anafanya kazi kliniki moja hapa Kasese. Alinimwagia maji, akanisugua, wimbo unaendelea, halafu mkono wake ukasimama.

"Mama, hii kitu hapa nyuma ya muguu iko tangu lini?"

Nikamjibu kwa maringo kwamba hayo ni mafundo ya mlima, ni ya kwetu, asiyaogope. Hakucheka. Alishika mguu wa pili. Akataka na mikono yangu, akapapasa vifundo vya vidole. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwenu batu banakufaka na kifua, bangali bijana?"

Nikautoa mguu kwenye maji. Nani amemwambia? Sikuwahi kukaa naye hata kunywa chai!

"Hii haiko nguvu ya mulima, mama. Hii ni mafuta ya mu damu. Kesho unakuja bakupime."

Nilitaka kumwagia lile beseni, kweli kabisa. Mafuta! Mimi, mwembamba hivi, ninayetembea jua lote? Mafuta si ni ya wakubwa wenye matumbo, wanaoshuka kwenye gari wakihema? Lakini usiku ule nilimkumbuka Bwambale na kile kikombe. Asubuhi nikaenda.

Daktari wa pale, kijana mpole, alichukua damu, na majibu yalipotoka aliyasoma, akaniangalia, akayasoma tena. Kolesteroli ilikuwa juu sana. Akanieleza taratibu. Alisema kuna watu wanaopata mafuta ya damu kwa chakula, na kuna wanaozaliwa nayo, ini lao haliyaondoi inavyotakiwa. Yanapita kwa mzazi kwenda kwa mtoto, huyu anayapata, yule yanamruka, na unene si lazima. Yakizidi yanajibanza kwenye mishipa ya moyo kimya kimya mpaka njia inaziba. Na mengine ndiyo hayo yanajikusanya kisiginoni.

Kanisa, nilikaa kwenye kile kiti nikawahesabu wafu wetu. Kumbe Masika aliyelia ndiye aliyekuwa salama! Kumbe bibi yetu, maskini, kwa mapenzi yote, alikuwa anaupigia ugonjwa vigelegele!

Daktari akanituma nikapimwe moyo, wakakuta mishipa imeanza kubana lakini haijaziba. Akataka nianze vidonge palepale. Nikamwambia ngoja kwanza. Mnanijua, mimi si mtu wa kuambiwa mara moja. Soko la Bwera kuna jamaa mwenye kipaza sauti anauza unga wa majani, anasema unafagia mishipa yote. Nikaununua, nikaunywa. Nikatafuna vitunguu saumu mpaka wateja wakawa wananisalimia kwa mbali. Hata chakula nilibadilisha kweli kweli, hilo sijutii. Sombe, yale majani ya muhogo, niliyoizoea na mawese nikaipika bila mawese, na niwaambie ukweli, siku ya kwanza niliitazama kwenye sahani nikataka kuiombea. Niliacha ngozi ya kuku, niliacha vya kukaanga, nikaongeza maharage na mchicha wa dodo. Nikasema Mungu ataona bidii yangu.

Nikarudi kupima. Mafuta yalikuwa yameshuka kidogo tu, kidogo cha kutia hasira. Na unga wa yule jamaa, daktari alisema, haukufagia chochote. Alisema chakula kizuri nikishike, lakini kwa mtu aliyezaliwa hivi chakula peke yake hakitoshi. Vidonge, kila siku, maisha yote.

Maisha yote! Hapo ndipo moyo wangu ulikataa. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi ya kliniki nikalia. Nilimwambia Mungu: mimi nimekuomba uniponye, si uniajiri kwenye vidonge! Na wapo humu ndani walioniambia kwamba mtu anayemeza dawa kila siku hajaamini bado. Siwatazami, mnajijua.

Mama Kavira akanifuata nje, akaketi kando yangu. Hakunihubiria. Aliniuliza tu, "Weye unasalaka kila siku, ao ulisali mara moja ikaisha?"

Nikamwambia nasali kila siku, anajua vizuri.

"Bon. Na kidonge, vile vile."

Akainuka akarudi kazini. Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi, na mchungaji wetu anisamehe, lakini hayo ndiyo yaliyonifungua. Mungu ambaye namwomba mkate wa kila siku, kwa nini nimkasirikie kwa dawa ya kila siku? Jioni ile nilimeza kidonge cha kwanza nikiwa nimepiga magoti.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Mwanzoni misuli iliniuma, nikasema mmeona, sumu! Lakini sikutupa. Nilirudi kwa daktari, akanibadilishia, maumivu yakaisha. Nikaendelea kumeza, nikaendelea na sombe yangu kavu, nikaendelea kutembea. Nilipopima tena, mafuta yalikuwa yameshuka! Yameshuka kweli, si ya kubahatisha! Nilipiga vigelegele mle kliniki, vile vile vya bibi, watu wakadhani nimejifungua. Leo napandisha na beseni langu kutoka barabarani mpaka sokoni, na hakuna anayenikalia kifuani. Asante, Yesu!

Lakini furaha yangu ilikuwa nusu, kwa sababu ya Masereka. Huyo bado anabeba mizigo, bado anapanda, na mafundo yake ni makubwa kuliko ya wote. Nilipanda Nyakalengija nikamweleza. Alikasirika! "Mafuta? Mimi? Hebu hesabu hizi mbavu, Biira. Miguu hii ndiyo inalisha watoto wangu. Wewe nenda ukauze samaki." Alisema namtukania babu. Alisema nimejazwa maneno na Wakongomani. Nikaondoka nikilia njia nzima, na nikarudi. Akanifukuza, nikarudi. Nikamleta Masika, tukaweka kisigino chake kando ya changu tumwonyeshe. Akageuza uso. Mke wake akawa anacheka akiniona natokea kwenye kona, anasema wifi huyo hapo, ficheni miguu.

Halafu wiki hii mkewe hakucheka. Alinipigia simu akaniambia kwamba safari hii Masereka alitua mzigo. Mtu wa mlimani ananielewa. Masereka hatui mzigo kabla ya kituo, hajawahi, wenzake wamempa jina kwa hilo. Safari hii aliutua katikati ya mwinuko, akakaa juu ya jiwe, mkono kifuani, akawaambia wenzake watangulie. Nyumbani alikula akalala. Lakini usiku mkewe alimkuta ukingoni mwa kitanda, amekishika kisigino chake, anakipapasa.

Kanisa, mimi nilizika Baluku. Nilizika Bwambale. Siziki wa tatu!

Sasa nawashukuru. Namshukuru Mungu aliyeniwekea mkono wa Mama Kavira kwenye mguu. Namshukuru Mama Kavira, ambaye vita vilimnyang'anya kwao na bado akaja kuokoa kwetu. Kama katika nyumba yenu watu wanaondoka na kifua wakiwa vijana, msitafute jirani wa kumlaumu. Nendeni mkapime damu, wembamba kwa wanene. Msinywe vidonge vyangu, kapimeni mpewe vyenu. Ombeni, mfunge, na mpime. Mungu hapungukiwi kitu mkipima!

Na neno la mwisho, wazee wa kanisa mnivumilie. Leo ni siku ya kutawadhana. Najua wanawake ni upande ule na wanaume upande huu. Lakini mchungaji amenipa ruhusa, na Mama Kavira ameshachota maji, beseni lile pale. Kaka yangu ameketi benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, na viatu vyake vya mlimani. Alikuja mwenyewe. Hakuna aliyemleta, na hakuna aliyeniambia kwamba anakuja. Msigeuke kumtazama jamani, mnamwonea aibu.

Masereka. Mdogo wa Bwambale. Sikuhubirii, nimechoka, na wewe umechoka. Dada yako nimepiga magoti hapa mbele ya watu wote, na taulo begani. Kesho asubuhi tunakwenda kliniki mimi na wewe, nimeshaongea na daktari. Leo nataka mguu tu. Vua viatu, kaka.

Imbeni, kwaya, imbeni polepole, msimharakishe.

Anainama. Bwana asifiwe! Ameishika kamba ya kiatu. Ameanza na cha kushoto.