Mtaalamu wa Fukusi

Katika basi dogo la Muyinga kwenda Gitega nilikaa nyuma ya mzee Nazario, mkulima wa Butihinda, na Salama, muuza vitenge, nikichunguza visogo vyao kwa heshima zote.

"Theodosia, jirani yangu, kaalikwa Gitega kufundisha watu kuhifadhi maharagwe," Nazario alilalamika. "Eti mtaalamu! Kila Ijumaa anaandika Facebook habari za fukusi wanaotoboa maharagwe, basi. Ile mbinu ya kuchanganya maharagwe na majivu ya maganda ya ndizi ni ya mama yangu, tulirudi nayo kutoka ukimbizini!"

"Mi nilisoma Facebook yake, papa, na maharagwe yangu iko mazima mpaka leo. Na we uliandika nini?" Salama akamjibu.

"Niandike kitu kila mtu anakijua?"

"Mi sikujua. Halafu mtaalamu ni mama yako, si we."

Mzee aligeukia dirisha, akahesabu migomba kilomita nzima. Nami nilisikiliza kila neno, jambo ambalo walimu wangu wa shule ya bweni hawataliamini.

Gitega, gari liliposimama, simu ya Nazario ililia mlio wa Facebook. Ilikuwa Ijumaa. Nazario akaganda mlangoni akisoma, midomo ikicheza, sote tumekwama nyuma yake.

"Theodosia anasemaje?" Salama akauliza.

"Subiri, mama! Sijamaliza."