Kumuaga Mama Kwa-Mfano

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa vitengo, wakalimani wenzangu wa Kihispania na wa lugha nyingine mnaotuonea wivu, ndugu wageni waalikwa, na wewe mstaafu wetu uliyekaa hapo mbele ukijifanya hujui kwamba unasemwa: hamjambo?

Nani hapa hajawahi kumpelekea tafsiri akarudishwa mlangoni? Unaingia na neno lako, "uhuru" au "uadilifu", umelitafutia Kihispania chake mpaka macho yamekuwa mekundu, naye anashusha miwani na kuuliza, "Kwa mfano?" Huna mfano? Basi huna neno. Ndiyo maana jina lake la kuzaliwa tumelisahau, tumebaki na Mama Kwa-Mfano.

Mimi nilimjua kabla sijaajiriwa hapa. Nilikuwa mchumba wa mtu, na wakwe zangu, wasiojua lugha nyingine ila Kihispania, walikuwa wameketi sebuleni kwetu. Mkalimani tuliyemwalika, yeye huyu, alikuwa bado anapuliza chai. Baba yangu akakohoa, akasema, "Sisi hatutaki makuu. Tunadai heshima tu." Binamu yangu, mwenye Kihispania cha kuagizia kahawa, akamtangulia mkalimani na kutafsiri: *honor*, yaani jina safi la ukoo. Jamani! Mama mkwe akainuka, mkoba kwapani. "Kwani jina letu lina doa gani?" Mimi machozi yalinilengalenga, maana ndoa yangu ilikuwa inaelekea mlangoni pamoja na mkoba ule.

Mama Kwa-Mfano akaweka kikombe chini. Hakumkimbilia mama mkwe, alimgeukia baba.

"Mzee, heshima, kwa mfano?"

"Heshima ni heshima! Mfano wa nini?"

"Binti yako akiikosa, utajuaje?"

Baba akashusha sauti, jambo ambalo nyumbani hatukulizoea. Kisha akasema polepole, "Dada yangu alikuwa mcheshi kutushinda sote. Alipoolewa, kila akifungua mdomo mezani, wanamkatiza. Siku hizi ukimtembelea anakuuliza tu kama umeshiba."

Hapo ndipo mwenzetu alipochagua. *Honor* aliiacha, kwa kuwa baba hakuwa akiulizia sifa za ukoo wa watu. Akaipima *respeto*, heshima ya adabu, akaiacha nayo, maana hata anayeogopa fimbo husemwa anayo. Akashika *dignidad*, ile thamani ambayo mtu huingia nayo kwenye nyumba na hapaswi kuivulia mlangoni. Na hakuliacha neno peke yake. Aliwasimulia na meza ya shangazi yangu, yote.

Mama mkwe akaketi. "Mimi pia nilikatizwa mezani," alisema. "Kwangu hakatizwi." Na ametimiza, ndugu zangu. Siku hizi mume wangu ndiye anayelalamika kwamba hapati nafasi ya kusema.

Sasa, Mama, nilipoandaa hotuba hii niliandika kwamba una upendo, hekima na subira. Nikakusikia masikioni: "Kwa mfano?" Nikafuta vyote vitatu. Nakupenda, na mfano wangu ameketi pale mstari wa pili, mkoba ule ule mapajani. Amepanda ndege kuja kukuaga.

Mama mkwe, tafadhali inuka wakuone. Mkoba uache kitini.

Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.