Wino Ndani ya Mkono wa Kanzu

Kijiwe cha Langoni kilikuwa baraza ya mawe iliyoegemea karakana ya Badawi, fundi wa milango, na kila alasiri baada ya swala watu walijibana hapo kama tende kikapuni. Muhdhar muuza kahawa alikuja na dele lake, vikombe vikilia mkononi, akammiminia kila mtu bila kumuuliza. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza yungali yupo, na habari za Mombasa zilifika Lamu kwa meli zikiwa zimekwisha kutiwa chumvi njiani. Alasiri hiyo Kamaludin, kijana aliyekuwa ametoka Mombasa kununua vitu vya harusi yake, alikaa pembeni kabisa, mkono wa kulia kaulaza pajani kama mtoto mgonjwa. Joto lilikuwa kali, lakini kanzu yake ilikuwa ya mikono mirefu, na kifungo cha mkono kakifunga.

Ndani ya mkono huo mlikuwa na jina. Kule Mombasa, katika chumba kimoja karibu na bandari, rafiki zake walimtia maneno mpaka akanyoosha mkono kwa baharia mgeni mwenye sindano zilizofungwa kwenye kijiti. Baharia alikuwa amekwisha kuwachora watu wengine kwa sindano zizo hizo, na kila alipomaliza mmoja alizifuta kwa suruali yake. Kamaludin aliona. Akaona haya kusema. Akachorwa herufi za Kiarabu: Khairiya, jina la mchumba wake. Melini mkono ukamuwasha akaukuna, akauosha kwa maji ya chumvi, akaufunga kitambaa akakikaza. Sasa ulikuwa umevimba, unatoa harufu, na tangu asubuhi mstari mwekundu ulikuwa ukipanda kuelekea kiwiko.

Na mbele yake, akinywa kahawa kwa utaratibu, alikaa Bwana Abdulhalim, baba yake Khairiya.

— Nna rafiki yangu Mombasa, Kamaludin alianza, akiilegeza sauti ionekane ya mchezo. Kachorwa tojo mkononi, hizi za sindano na wino. Sasa pamevimba. Dawa yake ni nini?

— Rafiki? aliuliza Muhdhar.

— Rafiki.

Aliyerukia wa kwanza alikuwa Bwanamkuu, ambaye kijiwe kizima kilimwita Fatuwa kwa kuwa alitoa hukumu ya kila jambo na hakuna siku aliyoombwa.

— Tojo! Astaghfirullah! Huyo hana udhu tena. Mai yatapenyaje kwenye wino?

— Wino u tini ya ngozi, Fatuwa, mai hupita yuu yake, alisema Badawi. Na mwenzio kauliza dawa, hakuuliza udhu.

— Dawa ni ndimu na chumvi, alisema Muhdhar. Umkamulie mpaka apige ukelele. Dawa ya moto ni moto.

Kamaludin alihisi kidonda kikidunda ndani ya kitambaa, kana kwamba kimesikia.

— Ndimu! Badawi alicheka. Mimi ni fundi. Mchoro ukiharibika kwenye mti, huukamulii ndimu. Hutwaa ngozi ya samaki taa, ile kavu yenye miba, ukausugua mpaka ufutike. Tena umsugue mapema. Samaki mkunje angali mbichi.

— Mtu si mlango, Badawi! alisema Muhdhar.

— Mlango una faida, haupigi kelele.

Walicheka wote. Kamaludin alicheka pia, jasho likimtoka chini ya kofia. Kikombe chake alikishika kwa mkono wa kushoto, kisha akakumbuka, akakiweka chini bila kunywa.

— Nyote hamuyui kitu, alisema Fatuwa, akajisogeza mbele. Wino hauketi ulipotiwa. Huingia damuni, ukatembea. Kule Mbwajumali kuna mtu alitorwa samaki mkononi. Bamvua ikiyaa, mai yakipanda, yule samaki huogelea! Asubuhi yuko mkononi, adhuhuri yuko mgongoni.

— Umemuona? aliuliza Muhdhar.

— Nimemuona aliyemuona.

— Na wino ukifika moyoni? aliuliza Kamaludin. Swali lilimtoka kabla hajalipima.

Fatuwa alinyanyua kidole. — Huanza kusema Kizungu.

Kicheko kilipasuka tena.

— Kisha hufa, Fatuwa aliongeza.

Kamaludin aliona ubaridi ukimpanda mgongoni, na hapo hapo joto likamjia usoni. Asubuhi alikuwa amekataa uji, mama yake akasema ni wasiwasi wa harusi.

— Na ikiwa kuna mstari mwekundu, alisema polepole, unapanda mkono?

Bwana Abdulhalim aliinua macho kutoka kwenye kikombe.

— Rafiki yako ana mstari?

— Ana.

— Nawe ukamuata hivyo, ukapanda meli ukaya zako?

Hata kwa uongo wake Kamaludin alikuwa ameonekana mtu mbaya.

— Mstari ndiyo ndia yenyewe ya wino! Fatuwa alipiga goti lake. Afungwe kamba kiwikoni, aikaze, upate kuzuilika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

— Kamba ya nini? alisema Muhdhar. Angoje. Mwezi ukiandama, uvimbe hushuka wenyewe. Haraka haraka haina baraka.

— Nasema ngozi ya taa!

— Nasema kamba!

Wakawa wanasema wote pamoja. Kamaludin alijaribu kukunja vidole vya mkono wa kulia. Viwili vilikataa. Alitaka kuinuka aende nyumbani, lakini hakuwa na hakika kama miguu ingemchukua, na kuanguka mbele ya mkwewe lilikuwa jambo asiloweza kulistahimili.

Hapo akaja mgeni. Aliitwa Jeilani, mtu wa Kiwayu, amekuja kuagiza mlango kwa Badawi. Alitoa salamu, akaanza kushikana mikono na watu mmoja mmoja, kama inavyotakiwa. Alianza na Muhdhar, akamwendea Fatuwa, akamwendea Badawi. Kamaludin alimwona akikaribia. Kutoa mkono wa kushoto ilikuwa ni tusi. Kukataa mkono ilikuwa ni tusi kubwa zaidi. Akatoa wa kulia.

Jeilani aliushika kwa nguvu za mtu mwenye moyo mweupe. Maumivu yalimfika Kamaludin mpaka begani, akauma meno asipige ukelele. Lakini mgeni hakumwachia. Alibaki ameushika, akimtazama.

— Mbona mkono una moto hivi?

Muhdhar alisimama na dele lake limeinama, kahawa haimwagiki wala haimiminwi.

Bwana Abdulhalim aliinuka. Alikuja akapiga goti mbele ya Kamaludin, akafungua kifungo, akapandisha mkono wa kanzu. Kitambaa kilikuwa kimegandana na kidonda. Alikiinua pembe moja tu. Usaha ulikuwa umezimeza herufi za kati, lakini za mwanzo na za mwisho zilibaki, na baba hashindwi kulisoma jina la binti yake hata likiwa nusu.

Kamaludin alifumba macho akangoja kofi.

— Aliyekuosha ni nani?

— Mimi mwenyewe. Kwa mai ya pwani.

— Sindano ilikuwa ya nani?

— Ya kila mtu.

Bwana Abdulhalim aliushusha mkono wa kanzu taratibu, wengine wasipate kusoma.

— Inuka.

— Bwana Abdulhalim, na harusi...

— Inuka kwanza. Mwanangu haolewi na maiti.

Alimtia bega, wakaenda hospitali hivyo, na watu njiani wakawapisha wakidhani kijana kapigwa na jua.

Wazir, mhudumu wa zamu, hakucheka wala hakuhukumu. Aliloweka kitambaa kwa maji yaliyochemshwa mpaka kikaachia, akakamua, akasafisha, kisha daktari akaja akaamuru sindano za dawa. Homa ilimlaza Kamaludin kwenye kitanda cha hospitali, akipayukapayuka habari za samaki. Kila alipozinduka alimkuta mkwewe kwenye kigoda, tasbihi mkononi. Kamaludin aliiogopa tasbihi ile kuliko kisu cha daktari.

— Ungechelewa, tungesema habari ya kukata, Wazir alimwambia homa ilipopoa. Sasa sikiliza. Uoshe kwa maji ya kuchemsha na sabuni, ukaushe kwa kitambaa safi, usibane. Gamba likija, usilibandue, liwache lianguke lenyewe. Baharini usiingie. Juani usiuanike. Na kitu cha jikoni usipake, si ndimu, si majivu.

— Nikifanya hivyo nitakuwa nimepona?

Wazir alimtazama weupe wa macho.

— Mkono utapona. Lakini sindano ile ilipita kwa watu usiowajua, na damu zao huzijui. Kuna maradhi hujificha. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, rudi mbio.

Harusi ilisogezwa mbele. Bwana Abdulhalim aliwaambia watu kuwa bwana harusi ameumwa, na kwa kuwa hilo lilikuwa kweli, hakuulizwa zaidi. Mkono ukapona. Lakini kila asubuhi Kamaludin alikwenda kwenye kioo cha mama yake kujitazama macho, na siku nyingine alirudi tena kabla chai haijapoa.

Asubuhi ya kwanza ya ndoa yao, Khairiya aliushika mkono ule akauelekeza dirishani. Kovu lilikuwa limezivuta herufi, zikakaa upande upande.

— Hili ni jina langu?

— Ndilo.

— Mbona hukuniuliza?

Kamaludin alikuwa ameliogopa kofi la mkwewe, na kisu cha daktari, na udhu wake kubatilika. Swali hili hakuwahi kuliogopa. Akamweleza tu yote, mpaka neno la Wazir kuhusu macho.

Khairiya alimvuta kidevu karibu na mwanga, akaivuta kope ya chini kwa kidole, akatazama kwa makini kama anayechagua mchele.

— Yeo mato yako ni meupe, alisema. Akahamia jicho la pili.