Bwana Bonifasi na Debe Moja la Maji

Bwana Bonifasi Nampunju anastaafu tarehe 31 Desemba 1957, baada ya kuitumikia Serikali ya Wenyeji ya Newala kwa miaka ishirini na minane. Miaka kumi na tisa alikuwa tarishi, na tisa ya mwisho alikuwa mtafiti wa Kamati ya Ushauri, ambayo kazi yake ni kufikiri kwa niaba ya Baraza. Mimi Mahmudu, mpiga taipu wa kamati hiyo, nimepewa kuandika wasifu huu kwa kuwa meza yangu imepakana na yake, jambo ambalo mwaka huu limenitesa sana.

Kabla yake kamati ilikuwa mimi na mwenyekiti wetu, Mwalimu Petro wa Lulindi. Tulikuwa na viti vitatu, ramani moja na kujiamini kupita kiasi. Ushauri wetu wa kwanza kwa Baraza ulikuwa kwamba watu wa Chilangala wafuge bata. Tuliuandika kurasa kumi na moja bila kukumbuka kwamba maji yako bondeni, saa mbili kushuka na saa tatu kupanda. Tarishi aliyepelekwa na bata wa majaribio alikuwa Bwana Bonifasi. Alikaa nao wiki nzima, kila asubuhi akiwabeba kwenye tenga kwenda kuoga. Siku ya nane akaingia ofisini, akalitua tenga juu ya ripoti yetu, akatuamkia vizuri, kisha akaomba kwa heshima zote kwamba safari nyingine tuwaulize bata kwanza. Mwalimu Petro alicheka mpaka miwani ikamdondoka, akampa kile kiti cha tatu.

Tangu hapo hakuna pendekezo lililopita bila kujaribiwa na yeye mwenyewe au nyumbani kwake. Iliposemwa wachukuzi wa mizigo wapite upande wa kushoto wa njia, alitembea kushoto kutoka Newala hadi Lisekese kwa siku tatu, mguu wa kulia njiani na wa kushoto kwenye upupu. Alirudi akijikuna, na ripoti ya mstari mmoja: sheria ni nzuri, ila itumike kwenye njia zenye upande wa kushoto. Iliposemwa majogoo wafungiwe ndani mpaka jua litoke, ili wageni wa Serikali walale, alimfungia jogoo wake chumbani. Mkewe, Mama Josephina, alihamia jikoni na hakurudi mpaka sheria ilipokataliwa.

Utafiti wake wa mwisho ulikuwa mwezi wa nane mwaka huu. Maji ya bomba yameshafika kwetu, lakini kiangazi kilikuwa kikali, na Baraza likaletewa pendekezo kwamba kila nyumba ichote debe moja tu kwa siku. Siku hizohizo binti yake alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua, na mtoto alikuwa na siku nne. Mwalimu Petro alimsihi jaribio lifanyike kwingine. Bwana Bonifasi akamjibu kwamba nyumba yenye mtoto mchanga ndiyo itakayoumia, kwa hiyo ndiyo ya kupimwa.

Siku ya tatu ya jaribio nilifungua dirisha la ofisi. Siku ya tano nilisogeza meza. Waliokuja ofisini na kesi ndefu walizifupisha wenyewe na kwenda zao. Siku ya saba, nakiri, nilimwandikia Liwali, mkubwa wetu, barua rasmi, nakala mbili, nikiomba mtumishi huyu ahamishiwe ghala la korosho mpaka mvua zinyeshe.

Siku ya kumi Baraza likakutana. Bwana Bonifasi aliingia na kukaa katikati. Bwana DC alisogeza kiti chake, akakisogeza tena, mwishowe akaendesha kikao akiwa nje barazani, kichwa tu kikionekana dirishani. Alipouliza mtumishi wa Serikali amepatwa na nini, Bwana Bonifasi alisimama akasoma ripoti yake. Debe moja ni kata thelathini na sita za kuchotea. Kumi na mbili za kupikia, nane za kunywa, kumi na sita za mama na mtoto. Za babu kuoga, hakuna.

Mzee Majaliwa wa Chilangala, aliyekuwa akiitetea sheria ile kuliko wote, aliinuka taratibu, akasema, “Jamani, mie kwangu wachanga wawili,” akakaa. Siku ile ile ilipitishwa kwamba kila nyumba ichote madebe matatu, na yenye mtoto mchanga iongezewe moja mpaka arobaini yake itimie. Barua yangu ilikuwa bado mezani kwa Liwali, haijafunguliwa. Niliichukua nikaitia mfukoni, na aibu niliyoiona sitaki kuirudia.

Baba Josephina, kwa miaka tisa sisi tulifikiri na wewe ukaumia, na ndiyo maana watu wanatuamkia sokoni. Kamati inakushukuru, na inakukabidhi mche wa sabuni uliochaguliwa na mkeo mwenyewe. Uzeeke kwa raha, ulale usingizi mnono, ule na wajukuu. Nami naomba radhi mbele ya wote. Siku tisa nilikaa karibu nawe nikiziba pua, na hata mara moja sikukuuliza maji yako unampa nani.